Mechi Isiyohesabiwa

Mimi ni mtunzi wa hadithi, na watu wanaonifahamu hapa Babati wakinisikia nasema "hiki ni kisa cha kweli" huangaliana na kutabasamu. Sawa. Hata mimi ningetabasamu. Hadithi ninazotunga huwa nazipamba: nahamisha mito, naua watu na kuwafufua ukurasa unaofuata. Hiki sikipambi. Nakieleza kama kilivyotokea chumbani kwangu Maisaka, na shahidi wangu ni kaka yangu Gidion, dereva wa bajaji, mtu ambaye kabla ya jioni hiyo hakuwahi kutunga hata uongo wa kuchelewa. Ukitaka kumuuliza, muulize. Ila usimuulize siku ya mvua.

Nianze na kilaptopu, maana kisa chote kiko humo.

Ni kidogo, unaweza kukibeba kwapani ukasahau kama umekibeba. Kilitoka katika ofisi moja iliyokuwa inaondoa vitu vyake vilivyochakaa. Betri yake ilikufa zamani. Ukichomoa waya tu kinazima papo hapo, kama mshumaa uliopulizwa. Ukifungua faili moja unaweza kwenda kuinjika chai, ukarudi, ukakikuta bado kinafikiri. Herufi D ilishang'oka, na ukiitaka unabonyeza kinundu cha mpira kilichobaki. Nimeandikia humo hadithi zangu zote.

Lakini mimi na Gidion tulikipendea mpira. Tulikuwa na gemu moja ya mpira wa miguu, ya zamani sana, na hata hiyo kwa kilaptopu ilikuwa mzigo wa punda. Ili kipumue, tulipunguza kila kilichopunguzika. Tuliondoa vivuli. Tuliondoa nyasi, uwanja ukabaki kijani kitupu kama kitambaa cha meza. Wachezaji wakawa na vichwa vya pembe nne. Mwisho tuliondoa watazamaji, majukwaa yakabaki safu za viti vya kijivu visivyo na mtu. Na bado kilikuwa kinakwama. Mtu anapiga shuti, picha inaganda, feni inalia kama bajaji iliyopakia magunia, mnangoja roho mkononi, kisha mpira unaonekana ukiwa tayari wavuni au mikononi mwa kipa. Gidion alikuwa anasema kwamba hapo katikati, picha ikiwa imeganda, ndipo Mungu anapoamua.

Tulikuwa tunachezea kibodi moja, yeye upande wa mishale, mimi upande wa herufi. Na sheria zetu zilikuwa zile zile za vibanda vya gemu, ambazo kila kijana wa mji huu anazijua hata kama hakumbuki nani alimfundisha. Ya kwanza: anayefungwa anapisha, mshindi anabaki. Ya pili: umeme ukikatika kabla ya kipenga cha mwisho, mechi haihesabiwi, inarudiwa tangu mwanzo, hata kama ulikuwa unaongoza kwa mabao ya kumwaga. Na umeme wetu unavyojua kukatika mvua ikinyesha, sheria hiyo ya pili imevunja mioyo mingi.

Zishike hizo mbili. Utazihitaji.

Ilikuwa Jumapili jioni, masika. Mvua ilikuwa imeanza tangu tumetoka kanisani, mvua ile inayopiga bati mpaka watu wa chumba kimoja wanasemezana kwa ishara. Gidion alikuwa ameegesha bajaji yake uani, maana barabara ya kwetu ilikuwa imegeuka uji. Mlango wangu ulikuwa wazi ili feni ya kilaptopu ipate hewa. Kwenye baraza, Mama Fausta, mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima wa Kigorowa, alikuwa anakoroga makande kwenye jiko la mkaa huku redio yake ikiimba kwaya.

"Beki yako imeenda mnadani," Gidion aliniambia akinifunga bao.

"Kimekwama kile, Gidi. Ungeona kama kisingekwama."

"Kila ukifungwa kimekwama. Ukifunga wewe hakikwami?"

Nilipoinua macho kucheka, nikamwona mtu chini ya bati, karibu na mlango. Kijana tu, wa umri wa Gidion, mikono imefungwa kifuani. Sasa niambie wewe, ungefanya nini? Mtu amesimama barazani kwako, mvua inamwagika, wewe umeketi pakavu. Unamwacha?

"Mambo," nikamwambia. "Mbona umesimama nje? Karibu ndani."

"Poa, dada. Asante." Lakini hakusogea. Alimtazama Gidion. "Na wewe kaka, unanikaribisha?"

"Ingia bwana, unasubiri kadi ya mwaliko?"

Akaingia. Akasimama nyuma yetu, akitazama skrini kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria la wenzake. Baada ya muda akauliza, kwa sauti ya chini ambayo, kwa kelele zile za bati, haikupaswa kusikika hata kidogo, "Hapa anayefungwa anapisha?"

"Kama kawaida," Gidion akajibu bila kugeuka. "Mshindi anabaki. Jiandae, huyu dada yangu hana muda mrefu."

Na kweli sikuwa nao. Nikafungwa. Nikainuka, nikampisha mgeni kiti changu kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwonyesha herufi za kubonyeza. Niamini, nikikumbuka mkono ule ulivyokunjuka kumkaribisha, natamani ungekauka.

Alipoketi ndipo nikaona nguo zake. Alikuwa ameloa kuanzia miguuni hadi kifuani, na hapo kifuani maji yaliishia kwa mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Juu ya mstari, shati lilikuwa kavu. Mabega makavu. Nywele kavu, zina vumbi. Nilijiambia labda amevuka mfereji. Lakini mvua ya siku ile, ni nani angetembea ndani yake akaloa kutoka chini?

Kisha feni ikanyamaza.

Nilidhani kilaptopu kimezima. Hapana. Mechi ilikuwa imeanza, na wachezaji walikuwa wanakimbia. Wanakimbia kweli, laini, kama maji kwenye kigae, bila kukwama hata mara moja. Niligusa mgongo wa kilaptopu, ule ambao kila siku ulikuwa unaweza kukaushia soksi. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la kisimani.

"Mdogo wangu, umekifanya nini hiki leo?" Gidion aliniuliza, anacheka. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya kawaida jioni ile.

Vivuli vikarudi. Kila mchezaji akapata chake, kirefu, kama jua la magharibi. Kisha nyasi, jani kwa jani. Halafu majukwaa yakaanza kujaa. Hayakujaa kama uwanja unavyojaa, watu huku na huku. Yalijaa kutoka chini kwenda juu, safu moja baada ya nyingine, taratibu, kama maji yanavyopanda ndani ya chombo. Na watu wale hawakuwa na vichwa vya pembe nne. Walikuwa na nyuso. Wameketi, mikono juu ya magoti, wamelowa, wanatazama. Bao la kwanza la mgeni lilipoingia, hakuna aliyeshangilia.

Kiti kimoja tu hakikuwa na mtu. Safu ya mbele, karibu na kibendera cha kona.

"Gidi," nikasema, "tulishaondoa watazamaji."

Nikamshika bega. Ubaridi uliotoka pale ulinipanda hadi kwenye kiwiko. Midomo yake ilikuwa imepauka, macho hayapepesi, vidole tu ndivyo vilivyokuwa hai. Nilijaribu kuuinua mkono wake kutoka kwenye kibodi. Nimewahi kunyanyua magunia ya mahindi shambani kwa baba, sikuwahi kukutana na uzito kama ule wa mkono.

"Mwache acheze, dada," mgeni akasema bila kugeuka. "Mechi haikatizwi."

Bao la pili likaingia wavuni mwa Gidion. Nikakitazama kile kiti kitupu, na sheria ya kwanza ikanigonga kichwani kana kwamba sijawahi kuisikia. Anayefungwa anapisha. Anapisha aende wapi? Tulikuwa tumekubali bila kuuliza, mimi na yeye, tukicheka.

"Gidi, amka. Kaka, nakuomba, amka."

"Ngoja," sauti yake ilitoka mbali, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. "Naimaliza."

Basi nikaanza kumwombea ashinde. Kuna kingine nilichoweza kufanya? Nilipiga magoti pembeni ya meza nikamwombea mchezaji wa gemu kama watu wanavyomwombea mgonjwa. Na sikia: akapata bao moja. Niliruka. Akapata la pili, shuti zuri la mbali ambalo siku zote lingegandia njiani. Wakawa sawa. Nilikuwa nalia na kucheka, nikamgeukia mgeni nione uso wa mtu anayeanza kushindwa.

Alikuwa anatabasamu. Halikuwa tabasamu la dharau. Lilikuwa tabasamu la kuli aliyeona mahali pa kutua mzigo. Machozi yalikuwa yanamtoka, yakishuka mpaka kwenye ule mstari wa kifuani na kupotea.

"Moja tu, kaka," akamwambia Gidion, taratibu, kwa upole ulionitisha kuliko yote niliyoyaona. "Mkono wangu haujui kuachia, lakini wewe unaweza. Nifunge moja tu. Nimeketi muda mrefu."

Hapo ndipo nilipoelewa nusu ya pili ya sheria. Mshindi anabaki.

Gidion akifungwa, kile kiti cha jukwaani ni chake. Akifunga, mgeni ndiye atakwenda kuketi jukwaani na kupumzika na wenzake, na Gidion atabaki na kiti cha mgeni, milele, akihangaika na mvua kutoka mlango mmoja hadi mwingine kumtafuta wa kumfunga. Nilikuwa nimepiga magoti kumwombea kaka yangu apate balaa kubwa zaidi.

Nilitazama balbu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliomba umeme ukatike. Mvua ile, radi zile, siku nyingine ungekuwa umeshakatika na kurudi na kukatika tena. Leo balbu ilikuwa imetulia, nyeupe, haichezichezi hata kidogo. Ningeweza kuchomoa waya wa kilaptopu, lakini huko si umeme kukatika, huko ni mtu kuchomoa waya, na yeye ameketi hapo hapo anaona. Na kile chombo, kwa ubaridi ule, sikuwa na hakika kama bado kilikuwa kinauhitaji waya.

Lakini meni swichi ya nyumba nzima ipo barazani, juu ya kichwa cha Mama Fausta.

"Mgeni," nikasema, na sijui sauti niliitoa wapi, "hujanywa hata chai. Ngoja nikuletee."

"Sinywi, dada," akajibu. "Nilikunywa vya kutosha."

Nikatoka hata hivyo. Nilikuwa sijavuka kizingiti nikamsikia nyuma yangu, "Penati hiyo. Piga taratibu, kaka. Usiharakishe."

Nilikimbia. Baraza letu ni fupi, nalo lilikuwa refu kama barabara ya Dodoma. Mama Fausta alishika sufuria lake la makande kwa mikono miwili.

"We mtoto, utaniunguza! Unakimbizwa na nani?"

Nilipanda juu ya kigoda chake, nikaivuta swichi chini. Kwaya ikakatika katikati ya "bwana". Nyumba ikawa nyeusi.

"Umeme tena, jamani," mtu akalalamika chumba cha mwisho.

Nilirudi nikishika ukuta. Mwanga wa jioni ulikuwa mdogo sana, wa kijivu, lakini uliniwezesha kuona. Skrini ilikuwa nyeusi. Gidion alikuwa ameinamia meza, anakohoa kikohozi cha mtu aliyepaliwa na maji. Mgeni alikuwa bado ameketi, ameitazama skrini. Kisha akageuza kichwa, pole pole, akatazama dirishani.

Ng'ambo ya ua, nyumba ya jirani ilikuwa inawaka taa zote.

"Kwa jirani kunawaka," akasema.

Ningesema nini? Nilisema lile ambalo Gidion alikuwa akinijibu mara nyingi, tulipogombana kuhusu mechi alizokuwa anashindwa.

"Sheria haisemi ukatike kwa nani. Hapa umekatika."

Mvua ikapiga bati. Nilisikia matone, tiki, tiki, chini ya kiti chake. Kisha akacheka kidogo, kicheko kile cha mchezaji aliyedhulumiwa na refa na anajua hakuna pa kukata rufaa.

"Umekatika," akakubali. "Haihesabiwi."

Akainuka. Akamwekea Gidion mkono begani, Gidion akatetemeka mwili mzima.

"Ulikuwa unacheza vizuri, kaka. Basi itarudiwa."

Akatoka kwenye mvua, bila haraka, kama mtu aliyekuja kusalimia.

Mama Fausta aliingia na tochi ya simu, akiwa tayari kugomba. Mwanga ukaangukia kwenye kiti. Sponji ilikuwa imeloa chapachapa, na kwenye egemeo, usawa wa kifua, palikuwa na mstari wa tope ulionyooka. Chini, maji yenye harufu ya ziwa, na jani moja la tete.

"Nani alikuwa ameketi hapa?" akauliza.

"Kijana. Amepita mbele yako, Mama. Sasa hivi."

"Mbele yangu hajapita mtu. Tangu mvua ianze hajapita mtu, kuingia wala kutoka." Akaliokota lile jani, akaligeuza kwenye mwanga, ugomvi ukamwisha usoni. "Mlimkaribisha?"

"Alikuwa amesimama nje, mvua inanyesha."

"Siku hizi mnakaribisha kwanza, mnauliza baadaye. Sisi mtu wa mvua tulikuwa tunamwuliza kwanza: umetoka nyumba gani? Asiyeweza kukutajia nyumba, unamwacha aende zake."

Ndipo akatueleza, tukiwa tumemfunika Gidion mablanketi yote niliyokuwa nayo. Zamani kidogo, mwaka ambao ziwa letu hapa Babati lilijaa likatoka nje ya matete, kulikuwa na kibanda cha gemu kule chini, karibu na maji. Maji yaliingia jioni, taratibu, watu wakacheka, wakainua miguu juu ya mabenchi. Yalipofika magotini wakatoka. Mmoja akabaki. Alikuwa ameshinda tangu asubuhi, hakuna aliyeweza kumtoa, na mshindi haondoki kwenye kiti. "Akawaambia nileteeni wa kunifunga, nitainuka," Mama Fausta alisema. "Walimkuta ameketi."

Wale wa jukwaani ni akina nani? Aliwafungia kwenye nyumba za nani? Sijui. Nilishawahi kuhesabu kichwani safu zile nikiwa kitandani, nikaacha.

Gidion aliugua, akapona. Gemu tuliifuta usiku ule ule. Lakini kaka yangu hajawa yule wa mwanzo. Kijiweni kwao madereva wa bajaji wanacheza drafti kwa vizibo vya soda wakingoja abiria, na Gidion alikuwa mbabe wao. Sasa hamalizi mchezo. Akiona amebakiza kete moja kushinda, au moja kushindwa, anainuka na kusema ana abiria anamngoja. Wamempa jina, wanamwita Sare.

"Sare, leo pia una abiria?"

"Ninaye, yuko pale sokoni."

"Abiria gani huyo hapandi bajaji ya mtu mwingine?"

Anacheka nao. Halafu jioni ananipigia simu, na kama mvua inanyesha haulizi habari ya chakula wala ya kazi. Anauliza, "Kwenu umekatika?" Nikisema umekatika, nasikia pumzi yake ikishuka. "Mungu ni mwema," anasema, na anakata simu. Majirani wote wanalaani giza. Sisi wawili tunashukuru.

Wewe unayesoma, sikukatazi kucheza. Cheza. Lakini ukiona mtu chini ya bati lako ameloa kutoka chini, mwulize kwanza ametoka nyumba gani. Ukiona kichombo chako dhaifu, kinachokwama kila siku, ghafla kinakimbia kama kipya, usifurahi. Na mtu akikuuliza kama kwako anayefungwa anapisha, mwulize anapisha aende wapi. Sisi hatukuuliza, na sasa tuna mechi ambayo haijaisha.

Leo mvua imeanza tangu alasiri. Gidion amekuja kulala kwangu kwa sababu barabara imeharibika; ameketi kwenye kile kiti kingine, sio kile cha mgeni, anasinzia. Umeme bado unawaka, balbu imetulia. Na hiki kilaptopu ninachoandikia, ambacho kimekuwa kikilia tangu mstari wa kwanza, feni yake imenyamaza sasa hivi.

Naenda kuzima meni swichi.